Ngome yenye madirisha mapana

SWALI: Assalamu alaykum babu. Mwalimu wetu alituonesha picha ya Stokesay, jumba la kale la Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Lina mnara, handaki na kuta za meno kama ngome, lakini madirisha yake mapana mno, hata mtu anapita. Ngome gani ile?
Mwanafunzi, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mjukuu wangu. Jicho lako la fundi. Mimi nimekarabati nyumba za Mji Mkongwe tangu ujana wangu, na Stokesay nimefika, kijana wangu anayefanya kazi Birmingham aliponipeleka. Nami nilianza na madirisha hayohayo.

Aliyelijenga hakuwa askari. Ni tajiri wa biashara ya sufu ya kondoo, Laurence wa Ludlow, aliyenunua pahala pale mwaka 1281. Zamani kidogo asingethubutu, kwani mpakani pale watu wakivamiana miaka nenda miaka rudi. Lakini kufika 1283 mfalme Edward wa Kwanza alikwisha kuiteka Wales, mpaka ukatulia. Kibali cha kuweka ngome, Laurence alipewa na mfalme mwaka 1291. Mnara na handaki vingemzuilia genge la wezi, jeshi hapana. Zaidi vilikuwa vya heshima. Ukija Unguja tazama milango yetu yenye misumari ya shaba. Husemwa kwamba India misumari ile ilikuwa ya kuzuilia tembo. Hapa mwenye nyumba alitaka apitaye njiani ajue nani anakaa mle.

Ukumbi ndio ulionishika. Urefu wake unapita mita 16, upana kama mita 9, na katikati hamna nguzo hata moja. Vyumba vyetu vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina kikomo chake; wao walikuwa na miti mikubwa ya mwaloni, wakaipandisha kutoka kuta mbili mpaka ikakutana juu. Jiko la moto lilikuwa sakafuni, katikati ya ukumbi, moshi ukijitafutia njia darini. Na ngazi! Ya mbao, ileile ya karne ya 13, vidato vyake vimechongwa kwa magogo mazima. Nilichutama nikaipapasa, kijana wangu akaniita mara mbili tuondoke.

Laurence hakukaa sana humo. Mwaka 1294 alizama baharini, merini mwenye shehena ya sufu. Vita havikulifikia jumba mpaka 1645, mfalme na Bunge walipopigana. Askari waliokuwa ndani walisalimu amri, na kilichobomolewa baadaye ni ukuta wa nje, nyumba ikaachwa.

Sasa mwombe mwalimu akupelekeni Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume. Lile boma lizungukeni kwa miguu, kisha niandikie: aliyelijenga alikuwa akiogopa nini?