Vitabu vya kuanzia kuhusu Liverpool

Ndugu, umeuliza uanze na kitabu gani ili uifahamu historia ya mji wa Liverpool, Uingereza, na utamaduni wake. Ningekushauri Liverpool 800, kilichohaririwa na John Belchem, kwa kuwa kinaufuatilia mji huo tangu hati ya Mfalme John ya mwaka 1207 iliyouanzisha rasmi, kupitia bwawa la meli la mwaka 1715 lenye milango ya kuzuia maji, na biashara ya watumwa iliyowatajirisha wafanyabiashara wake hadi Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 1807. Ni kikubwa, kisome polepole. Ninachokithamini zaidi, hata hivyo, ni Black Liverpool cha Ray Costello, kinachowapa nafasi ya mbele watu weusi wa mji huo, ambao jamii yao ni miongoni mwa zile kongwe kabisa barani Ulaya.