"Assorted" kwenye katoni: aliyechagua mchanganyiko si wewe

Muulizaji ameleta mambo mawili. Ameagiza ndara kutoka Guangzhou, katoni zimepigwa chapa "assorted", anataka kujua maana yake hasa na kama ni sawa na "various". Tena anauliza kama akiliandika neno hilo kwenye makaratasi ya mzigo litatosha. Waliotangulia wamemwambia ni mchanganyiko tu, asijisumbue. Mimi nauza jumla Biashara Street, Mombasa, na kabla ya duka nilikuwa karani kwa ajenti wa klering, yaani wa kutoa mizigo forodhani, pale bandari ya Kilindini. Jibu hilo la mkato litamtia hasara.

Ndani ya neno mna "sort", yaani aina, na kitenzi chake, "assort", asili yake ni kugawa vitu aina kwa aina, hivi huku, hivi kule. Ajabu ni kwamba kivumishi kimeishia upande wa pili: kitenzi kinatenganisha, kivumishi kinakusanya. "Assorted biscuits" ni biskuti za aina kadhaa zilizokwisha kutiwa kopo moja. Lakini mkono wa mtu bado umo humo ndani. Yuko aliyeamua kipi kiingie na kwa kiasi gani, na huyo si wewe mnunuzi.

Kwa hivyo "assorted colours" haisemi kwamba kila rangi imo, wala kwamba rangi zimegawanywa sawasawa. Katoni ya jozi 48 yenye 30 za kijani, 10 za kahawia na 8 nyeusi ni "assorted" halali kabisa, na kiwanda hakijakudanganya. Nyeusi zitakwisha wiki ile ile, kijani utazipangusa vumbi mpaka Ramadhani ijayo. Na ukilalamika, muuzaji atakuonyesha neno lake kwenye katoni, nawe ulilikubali.

Wanunuzi wa leso hawaingii mtego huu. Mama akija kutaka korija, yaani ishirini, ukimwambia "zimechanganywa" hajaridhika. Atauliza: majina (maneno yaliyoandikwa kwenye leso) mangapi humo? Jina moja lina rangi ngapi? Hebu fungua nione. Kama ni sare ya harusi anataka jina moja na rangi moja, mchanganyiko haumfai hata ukimpa kwa bei ya kutupa. Kama anapeleka kuuza Kwale au Malindi, anataka majina mengi, na lile linalovuma mjini liwe limerudiwa. Maswali hayo hayo mpelekee mwenye kiwanda, kisha jibu lake liingie kwenye oda kwa maandishi: "assorted colours, per carton: black 24, navy 12, white 12". Ukitaka mgao sawa andika "equally assorted". Na saizi zitajwe vivyo hivyo, kwa sababu "assorted sizes" peke yake inaweza kukuletea 37 tupu na 42 mbili tatu za kutolea ushahidi.

Sarufi yake haina mambo mengi. Nomino inayofuata iwe ya wingi, "assorted pens", au ya kitu kisichohesabika, "assorted fruit". "An assorted pen" haipo, kalamu moja haiwezi kuwa aina nyingi. "Very assorted" vilevile watu hawasemi. Ukihitaji nomino ni "an assortment of pens". Utaona katoni nyingi zimeandikwa "assorted color", bila alama ya wingi. Hicho ni Kiingereza cha katoni, kinaeleweka bandarini, usikipeleke kwenye barua ya kuomba kazi.

Sasa "various". Hilo linasema tu kwamba vitu ni kadhaa na havifanani. Vinaweza kuwa vimetawanyika mji mzima: "various shops in Mombasa" ni duka la Mwembe Tayari, la Kongowea na la Likoni, hakuna aliyeyatia mfuko mmoja. Ukisema "assorted shops" msikilizaji atacheka kidogo, kama kwamba umeyaokota okota. Kwa watu ndiyo kabisa. "Assorted relatives" ina kejeli ndani yake, ni wale jamaa wanaojitokeza siku ya biriani. "Diverse" ndilo la heshima kwa watu, maoni na mazao, nalo linatilia mkazo tofauti zenyewe. "Diverse biscuits" haikai. "Miscellaneous" ni kapu la vilivyokosa kundi, kama ule mstari wa "mengineyo" chini ya hesabu za chama. "Sundry" siku hizi utalikuta zaidi kwenye vitabu vya wahasibu.

Kwa Kiswahili mimi hutumia anuwai, aina aina, au rangi mchanganyiko, kutegemea nazungumza na nani. Mbalimbali naiona iko karibu zaidi na "various", maana ndani yake mna ule umbali wa kimoja na chenzake.

Tahadhari moja kwa wanaouziana na Wangazija au na wateja wa Kongo. Kifaransa nacho kina "assorti", lakini maana yake ya kawaida ni kilichooanishwa: mkoba na viatu vya rangi moja, mtandio na gauni vinavyokwendana. Alikuja mteja kutoka Moroni, akasoma katoni ya mikoba na viatu, akafurahi kwamba kila mkoba una viatu vyake. Tulipofungua ndipo alipoona mkoba mwekundu, viatu vya samawati. Chanzo cha maneno hayo mawili ni kimoja, ila Kifaransa kimeshika kuchagua vinavyopatana na Kiingereza kimeshika kuchagua visivyofanana.

Nije kwenye makaratasi, ambako hasara yake haina mzaha. Bandarini kila bidhaa inatambulika kwa namba ya mfumo wa HS (Harmonized System), unaotumika duniani tangu Januari 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni za kimataifa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza mbili, zinakuwa nane. Ushuru unafuata namba hiyo. Viwango vikuu ni asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna cha 35. Nikiwa karani, mteja mmoja aliletewa na muuzaji wake invoisi ya mstari mmoja: "assorted household items". Ndani ya kontena mlikuwa na vyombo vya plastiki, ambavyo namba yao huanza na 3924, vijiko na uma, 8215, taulo, 6302, na vitana, 9615. Afisa wa forodha hana namba ya "assorted". Mzigo ukafunguliwa, ukahesabiwa kipande kwa kipande, na muda wote huo gharama ya kukaa CFS, yaani yadi ya makontena, inapanda. Muuzaji alipopigiwa simu akasema yeye huandika hivyo siku zote.

Usichanganye hilo na seti. Vitu tofauti vikipakiwa pamoja kwa kuuzwa rejareja, kwa kazi moja, vinaweza kuingia namba moja, ile ya kitu kinachoipa seti nzima sura yake. Mfano unaojulikana kwa watu wa forodha ni wa kinyozi: mashine ya umeme ya kunyolea, kitana, mkasi, brashi na taulo ndani ya kipochi cha ngozi. Vyote vinafuata mashine, 8510. Ukivitia vitu hivyo hivyo kwenye katoni kimoja kimoja, vya kuuzwa mbali mbali, basi kila kimoja kirudi kwenye namba yake.

Kwa hivyo ndugu yangu, neno hilo liandike tu nyuma ya kitu kilichokwisha kutajwa: "rubber slippers, assorted colours, sizes 37–42", halafu idadi. Rangi na saizi za ndara hizo hazibadilishi namba, hapo "assorted" haina madhara. Kinachobadilisha ni viatu vimetengenezwa kwa nini: vya mpira au plastiki juu na chini ni 6402, vya juu ngozi ni 6403, vya juu kitambaa na soli ya mpira ni 6404. Kama kiwanda kimekuchanganyia ndara na makubadhi ya ngozi kwenye katoni moja, mwambie atoe mistari miwili kwenye invoisi kabla meli haijang'oa nanga.