Nililipia domeini kwanza, ikasajiliwa na mwingine. Nimdai nani, na nidai nini?

Swali

Ijumaa usiku nililipia domeini ya .com ya biashara yangu ndogo ya mikoba hapa Nakuru, kupitia wakala mmoja wa Nairobi. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha saa tatu na dakika 14 usiku, shilingi 1,600. Ankara ikageuka "imelipwa" papo hapo, na jina nikaliona kwenye akaunti yangu. Jumatatu tovuti haifunguki. Nikapiga simu, naambiwa jina limechukuliwa na mtu mwingine. Nimeangalia rekodi mwenyewe: limesajiliwa Jumamosi, 04:52, yaani karibu saa kumi na moja alfajiri wakati ofisi yao imefungwa. Sasa linauzwa dola 1,950! Wakala anasema mtandao ulisumbua, na kwamba pesa za domeini hazirudishwi, ila ataniwekea salio nichague jina lingine. Cheti cha jina la biashara ninacho. Je, jina si langu maadamu nililipa kwanza? Wameniibia? Nikiwashtaki kwa ICANN nitasaidiwa? Au nisubiri mwaka uishe?

Jibu

Jina si lako, na halijawahi kuwa lako. Pesa ni zako, na hizo zinadaika. Nimeyatenganisha mapema kwa sababu watu wengi katika hali yako humwandikia wakala kurasa mbili za kudai jina, naye akajibu kuhusu jina tu. Zile shilingi 1,600 hazitajwi tena.

Ulilipa kwa wakala. Wakala huyo hana mlango wa moja kwa moja kwenye daftari la .com. Juu yake yupo msajili mwenye kibali cha ICANN, shirika linaloratibu majina ya mtandao duniani; mara nyingi msajili huyo ni kampuni ya nje, na juu ya msajili ipo rejista yenyewe, ambayo kwa .com ni Verisign ya Marekani. Jina huwa la mtu pale tu amri ya kulisajili inapofika Verisign na kukubaliwa. Wa kwanza kufikisha amri ndiye hupata, na rejista haioni wala haiulizi nani alilipa wapi saa ngapi. Ankara yako iliyogeuka "imelipwa" ni habari ya mfumo wa bili wa wakala. Mifumo hiyo, mfano WHMCS inayotumiwa na mawakala wengi, huweka jina kwenye akaunti ya mteja mara oda inapoingia. Ukitazama vizuri huenda pembeni yake paliandikwa kwamba usajili bado unasubiri.

Sasa kuhusu ile saa. Rekodi za domeini huandikwa kwa saa za kimataifa, UTC, ndiyo maana kuna herufi Z mwishoni mwa muda. Sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo 04:52Z si saa kumi na dakika 52 alfajiri, ni saa moja na dakika 52 asubuhi ya Jumamosi kwetu. Malipo yako ya Ijumaa, saa 21:14 za hapa, ni 18:14Z. Kati ya pesa kutoka kwako na jina kuchukuliwa zilipita saa 10 na dakika 38. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye barua yako. Ukiandika "saa kumi alfajiri", wakala atakusahihisha, na kuanzia hapo kila unalosema litaonekana la kubahatisha.

Amri ya usajili ya kompyuta kwa kompyuta hukamilika kwa sekunde chache. Saa kumi na nusu ni muda mrefu mno kwa "mtandao ulisumbua". Ninavyouona mwenendo wa biashara hii, chanzo kinachoongoza ni cha aibu zaidi: salio la wakala kwa msajili wake lilikuwa limeisha. Mawakala wengi huweka pesa mapema, na kila jina hukatwa humo. Likiisha Ijumaa usiku, oda za wateja hubaki foleni mpaka mtu aje kazini aongeze pesa. Mteja kalipa, wakala kapokea, msajili hajapewa kitu. Sababu nyingine ni jina kuwa katika kundi la bei ya juu ambayo mfumo wa wakala haukuijua, au taarifa za mteja kukataliwa kwa kasoro ndogo, kwa mfano namba ya simu isiyo na msimbo wa nchi.

Huna haja ya kukisia. Mashine hizi huzungumza kwa itifaki iitwayo EPP na kila amri hujibiwa kwa namba. 1000 maana yake imekubaliwa. 2302 maana yake jina tayari lipo, yaani limeshachukuliwa. 2104 ni hitilafu ya malipo kati ya msajili na rejista. Wakala huenda asione namba hizo zenyewe, lakini mfumo wa msajili wake humpa jibu linalolingana nazo, na jibu hilo hubaki kwenye kumbukumbu pamoja na saa yake. Mwombe hilo. Kama amri ya kwanza kabisa ilitumwa Jumatatu asubuhi ikajibiwa kwamba jina lipo, kesi imekwisha: alikaa na oda yako wikendi nzima.

Mwandikie kwa barua pepe, si kwa simu wala WhatsApp, kitu kama hiki:

"Nililipa tarehe fulani saa 18:14 UTC kwa muamala namba fulani. Jina lilisajiliwa na mtu mwingine saa 04:52 UTC siku iliyofuata. Naomba mnijulishe: (a) amri ya kusajili ilitumwa kwa msajili saa ngapi, (b) jibu lililorudi lilikuwa lipi, neno kwa neno, (c) msajili wenu ni nani. Usajili haukufanyika, kwa hiyo naomba nirudishiwe shilingi 1,600 kwa njia niliyolipia ndani ya siku saba. Salio kwenye akaunti silikubali."

Swali la (c) lina uzito wake. Mkataba kati ya ICANN na wasajili, ule wa 2013, unataka makubaliano ya wakala na mteja yamtaje msajili au yaonyeshe njia ya kumjua. Ukishamjua, mtumie nakala. Kifungu cha 3.4.2 cha mkataba huo kinamlazimu msajili kutunza kumbukumbu za tarehe na saa za taarifa za usajili alizopeleka rejista. Mawakala wengi hulegea wakiona msajili wao ameingizwa kwenye mazungumzo.

Kuhusu "pesa za domeini hazirudishwi": kauli hiyo ina msingi, ila hapa imetumika kinyume. Kifungu cha 3.7.4 kinasema msajili asiliwashe jina kabla ya kuwa na hakika ya kutosha ya malipo, na kwamba deni la mteja huwa la mwisho, lisilorudi nyuma, jina linapowashwa. Soma tena: linapowashwa. Kabla ya hapo hakuna kilichofungwa. Wewe ulilipia kitu ambacho hakikutolewa. Salio la kununulia jina lingine ni hiari yako kulikubali, na mimi nisingelikubali kwa mtu ambaye oda zake hulala Ijumaa.

Wameiba? Wazo lako si la kipuuzi. Januari 2008 Network Solutions, msajili mkubwa wa Marekani, aligundulika akijisajilia mwenyewe majina ambayo watu walikuwa wameyatafuta tu kwenye tovuti yake, na kuyashikilia siku nne ili wasiweze kuyanunua kwingine. Kampuni ilijitetea kwamba inawalinda wateja, ikaishia kushtakiwa. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2007, kamati ya usalama ya ICANN ilikuwa imetoa waraka wa tahadhari kuhusu mchezo wa aina hiyo. Uliwezekana kwa sababu rejista huruhusu msajili kufuta jina ndani ya siku tano na kurudishiwa ada yake, hivyo kujaribu majina kulikuwa bure. Mwaka 2009 ICANN iliweka kikomo cha ufutaji huo wa bure na faida ikakauka.

Kwa hiyo linawezekana, lakini lipime. Fungua lookup.icann.org, andika jina, tazama msajili aliyetajwa. Kama ni yule yule anayetumiwa na wakala wako, una haki ya kuuliza maswali makali, ingawa wasajili wakubwa wana mamilioni ya wateja na kulingana huko pekee si ushahidi. Kama ni msajili mwingine kabisa, wizi wa ndani unazidi kuwa hadithi. Tazama pia kama jina lilikuwa na mwenyewe zamani likaachwa. Majina yanayoachiliwa huvamiwa na programu za wafanyabiashara wa domeini, na kwa bei ya jumla ya dola kumi hivi kwa mwaka hawaoni hasara kukamata mengi. Usimwite mtu mwizi kwa maandishi kabla hujaona hayo. Dai la pesa halihitaji neno hilo.

ICANN hawatakurudishia pesa. Idara yao ya kusimamia mikataba hupokea malalamiko dhidi ya wasajili na kuangalia kama mkataba umevunjwa. Kugombana kuhusu bei, huduma mbovu na marejesho si kazi yao. Kinachoweza kukusaidia ni kwamba mkataba unamtaka msajili aweke wazi kwenye tovuti yake utaratibu wa kupokea malalamiko na kumaliza migogoro. Pitia huo kwanza. (Wanaouliza kuhusu .co.ke au .co.tz: huko ICANN haingii kabisa. Ya Kenya nenda KeNIC, ya Tanzania nenda TCRA.)

Wakala akikaa kimya baada ya siku saba, wewe una bahati moja ambayo wanunuzi wa moja kwa moja kutoka nje hawana: aliyechukua pesa zako yuko Kenya. Mikataba ya wasajili wa nje mara nyingi hukupeleka kwenye mahakama za kwao na kuweka ukomo wa fidia. Kwako ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, bila ulazima wa wakili, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Kwa shilingi 1,600 pengine hutafika huko. Kuitaja kwenye barua ya pili kwa kawaida hutosha.

Wale waliolipa kwa kadi wana njia ya kupinga malipo benki. Iache iwe ya mwisho, maana wasajili wengi hufunga akaunti nzima ya mteja anayepinga malipo, na kama una domeini nyingine humo zinafungiwa pamoja. Hamisha hizo kwanza.

Cheti cha jina la biashara hakitakusaidia kulipata jina hili. Utaratibu wa ICANN wa kuamua migogoro ya majina, UDRP, uliopo tangu 1999, unahitaji uthibitishe mambo matatu kwa pamoja: una alama ya biashara inayofanana na jina, aliyelisajili hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Cheti cha jina la biashara si alama ya biashara. Hiyo husajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya alama za biashara na hataza. Na ada ya WIPO, shirika la kimataifa linalosikiliza mashauri hayo, kwa jina moja, mwamuzi mmoja, ni dola 1,500, si mbali sana na bei anayotaka huyo muuzaji. Ukishinda hupewi fidia, ni jina tu.

Kusubiri mwaka uishe si mpango mbaya ila usiuhesabu kama siku 365. Baada ya tarehe ya mwisho msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha kuna siku 30 za mwenyewe kulikomboa, kisha siku 5 za kungoja kufutwa. Mtu anayeuza kwa dola 1,950 huenda akalilipia tena bila kufikiri mara mbili. Usimwandikie kumsimulia mkasa wako, bei itapanda. Sajili .co.ke ya jina hilo hilo leo kwa wakala mwingine, na ukishalipa hakikisha jina linaonekana limesajiliwa kwenye rekodi ya KeNIC kabla hujachapisha hata kadi moja ya biashara.