Picha chuoni si kubonyeza tu
Kaka umeuliza kwa nini mtu akae chuo miaka mitatu kusomea picha wakati YouTube ipo. Mi naona kamera kweli utajifunza mtandaoni, mfano pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mama anaanika dagaa saa sita mchana, nyuma yake ziwa linamulika, unapima mwanga usoni kwake sio kwenye maji, basi, hiyo siku moja tu. Ila kumuomba ruhusa, kumwambia picha inaenda wapi, kuandika jina lake badala ya "mwanamke wa Kiafrika", hiyo inataka mwalimu na wenzako wakubane maswali kila wiki. Zile picha za enzi za Mjerumani zimejaa babu zetu wasio na majina, jamani inaumaga sana.