Kabla hujalipia programu mia moja za ubingwa Marekani

Mara ya kwanza nilipoomba nafasi ya mafunzo ya udaktari bingwa Marekani nilituma maombi kwenye programu za hospitali zaidi ya mia moja, nikaitwa usaili mmoja tu. Mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari wa Marekani yenye hatua za Step 1, 2 na 3, nilikuwa nimefaulu ile inayotakiwa kuombea, nikajua wingi wa maombi utanibeba. Jumatatu ile ya Machi, wiki ya matokeo, NRMP, shirika linalowalinganisha madaktari na programu, wakaniandikia kwamba sikupata nafasi.

Nilipotulia nikapitia tovuti za programu zile zile, kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kulipa. Nyingi hazikuwa zikidhamini viza yoyote. Nyingine zilitaka mtu aliyemaliza chuo ndani ya miaka mitano, nami nilikuwa na saba. Yaani nililipia milango iliyokuwa imefungwa tangu mwanzo, tena kwenye ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutumia maombi, ukishavuka idadi fulani ya programu, kila moja ya ziada huwa ghali zaidi. Mwaka uliofuata niliomba chini ya nusu. Kila programu niliiangalia mambo matatu: viza, mwaka wa kuhitimu, na kama miongoni mwa madaktari wanaosoma hapo sasa wapo waliosomea nje. Hilo la tatu ndilo linalosema kweli, maana tovuti inaweza kukukaribisha huku orodha ya majina ikikukatalia.

Suala la viza usilipuuze. J-1, viza ya mafunzo, hudhaminiwa na ECFMG, shirika linalohakiki vyeti vya madaktari waliosomea nje ya Marekani, lakini kwa kawaida hukudai urudi kwenu miaka miwili baada ya mafunzo, labda upate msamaha, kwa mfano kwa kufanya kazi kwenye eneo lenye upungufu wa madaktari. Ukitaka H-1B, viza ya kazi, uwe umeshafaulu Step 3.

Barua zangu za mapendekezo za awali zilitoka kwa maprofesa walionifundisha. Zilinisifu sana, ila hakuna aliyekuwa amewahi kuniona kazini katika hospitali ya Marekani. Barua moja ya daktari aliyenisikia nikimhoji mgonjwa na kueleza mpango wa tiba ilinisaidia kuliko zile zote.

Na tangu 2022 Step 1 haitoi alama, ni kufaulu au kufeli. Macho yote yako kwenye Step 2 CK, mtihani wa maarifa ya kutibu wagonjwa, na ukishaufaulu huruhusiwi kuurudia ili upandishe alama. Afadhali uusogeze mbele kuliko kuukimbilia.

Kwenye orodha ya NRMP, unayopanga programu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, panga unavyopenda wewe, usipige ramli nani anakutaka. Mfumo huanza na chaguo la daktari. Alvin Roth, aliyeshiriki kuuunda upya, alipata Nobel ya uchumi 2012. Ila usiweke mahali usipoweza kwenda, kwa sababu matokeo yanakufunga.

Ukikosa, ipo SOAP, mgao wa nafasi zilizobaki, wiki hiyo hiyo. Ila usizipigie simu programu kabla hazijakutafuta. Ni kosa kwa kanuni zao, na nusura nilifanye.