Nyumba inauzwa "kama ilivyo": niulize nini kabla sijalipa?

SWALI: Nimepata nyumba ya vyumba vitatu Tegeta, Dar es Salaam, bei chini kuliko za jirani. Mwenyewe anasema anaiuza kama ilivyo, na dalali ananihimiza nitoe kishika uchumba. Nikishasaini, nikikuta ubovu naweza kudai?
Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, shikilia hela yako kwanza. "Kama ilivyo" maana yake ukisaini, ubovu wa jengo ni wako. Lakini neno hilo halimruhusu muuzaji kudanganya. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura 345, kukaa kimya tu kwa kawaida si udanganyifu. Kujibu uongo kwa makusudi ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana hivyo unaweza kubatilishwa. Kwa hiyo usimwachie nafasi ya kukaa kimya. Mwandikie maswali: paa limewahi kuvuja? Masika maji yanaingia ndani? Shimo la choo hujaa kila baada ya muda gani? Ajibu, asaini, na majibu yaambatanishwe na mkataba.

Kinachoonekana kwa macho, kitafute mwenyewe. Nenda na fundi wako, si wa dalali, ikiwezekana asubuhi baada ya mvua kubwa. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta zisikutishe. Ufa wa kuogopa ni ule unaotoka kona ya dirisha kwenda mshazari, upana unazidi milimita 5, na ukizunguka nje unaukuta palepale: hapo msingi huenda umetitia, na kuziba kwa saruji hakusaidii kitu.

Ukuta uliopakwa rangi mpya mita moja tu kutoka chini, utilie shaka. Bandika kipande cha nailoni angavu, sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote kwa selotepu, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukutani, unyevu unatoka ukutani kwenyewe, na rangi mpya itabanduka. Panda darini pia, uchome kenchi (mbao zinazobeba paa) kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa au uozo umeshaingia.

Hati ni lazima: fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uhakikishe nyumba imesajiliwa kwa jina la nani, na kama muuzaji ana mwenza, mwenza huyo aridhie kwa maandishi.

SWALI: Na nyumba za mnada wa benki?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Huko ni "ilipo na kama ilivyo". Mara nyingi tangazo hudai asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14. Ukishindwa salio, ile ya mwanzo huipati. Omba kuingia ndani kabla ya siku ya mnada, na uulize nani anaishi humo, maana kazi na gharama ya kumtoa huenda vikakuangukia wewe.