Kabla ya kununua pawa saplai, soma mstari wa volti 12

Mwaka 2019 niliunga kompyuta ya mezani kwa ajili ya stesheneri yangu ndogo huko Mbagala, Dar es Salaam. Kila kifaa nilikinunua kwa kulinganisha bei duka kwa duka Kariakoo, isipokuwa pawa saplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo zinazotumiwa na kompyuta), ambayo niliichukua dakika za mwisho kwa shilingi 30,000 kwa sababu tu ubavuni iliandikwa wati 600 kwa tarakimu kubwa. Miezi minne baadaye, umeme uliporudi asubuhi moja baada ya kukatika, nilisikia mlio wa kitu kupasuka, ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua, na mashine haikuwaka tena. Pawa saplai ilikufa pamoja na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) na diski iliyohifadhi kazi za wateja, zikiwamo ripoti za wanafunzi wawili waliokuwa wakisubiri kuchapishiwa. Hasara ya mazabodi niliilipa nikaisahau, lakini ya diski bado inaniuma, kwa sababu kilichopotea hakikuwa changu.

Fundi aliyeichunguza alinionyesha lebo ambayo sikuwahi kuisoma. Kwenye mstari wa volti 12 paliandikwa ampea 18. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, na 12 mara 18 ni 216 tu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya picha huchota umeme wao karibu wote kwenye njia hiyo ya volti 12, desturi iliyoanza kuenea na Pentium 4 mwaka 2000, ilhali wati zilizobaki kwenye tangazo zilikuwa zimerundikwa kwenye njia za volti 5 na volti 3.3, ambazo kompyuta ya leo huzitumia kidogo. Tangu siku hiyo sinunui pawa saplai kabla ya kupiga hesabu hiyo palepale dukani, na muuzaji akinikataza kuitoa ndani ya boksi ili nisome lebo, naondoka.

Wengi hudhani wanahitaji wati nyingi kuliko mahitaji yao halisi. Prosesa ya Core i5-6500 imepangiwa wati 65, kadi ya picha ya GTX 1650 ya kawaida haizidi sana wati 75 ambazo tundu la mazabodi linaweza kuipatia, na ukijumlisha diski, kumbukumbu na feni, mashine nzima haifiki wati 250. Pawa saplai ya wati 350 zilizo za kweli itaibeba kwa raha kuliko ya wati 600 za kwenye karatasi. Ukiwa na kadi inayodai waya wa pini 8, ambao peke yake umekadiriwa wati 150, hapo ndipo panapostahili kupanda hadi wati 500 au zaidi.

Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, inasaidia, ila ifahamike inapima nini: inaonyesha sehemu ya umeme wa ukutani inayowafikia vifaa vyako badala ya kupotea kama joto. Haithibitishi kwamba kifaa kitajizima chenyewe umeme unapozidi au waya zinapogusana. Kinga hizo zitafute kwenye maelezo ya mtengenezaji. Tazama pia waya: zikiandikwa 18 AWG (kipimo cha unene wa waya) ni nene na zinafaa, zikiandikwa 22 ni nyembamba, kwa kuwa namba inavyopanda ndivyo waya unavyopungua unene. Usiifungue mwenyewe ili kukagua ndani, kwani kapasita kubwa, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, hushika zaidi ya volti 300 na huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kwa mwenye bajeti finyu, maoni yangu ni kwamba pawa saplai iliyotumika, iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi ya Dell au HP, mara nyingi ni salama kuliko mpya isiyo na jina linalojulikana. Hata hivyo, chunguza kichwa cha waya kabla ya kulipa. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, hutumia kichwa cha pini 8 kwenye mazabodi badala ya kile cha kawaida cha pini 24, na mimi mwenyewe nimewahi kurudi Kariakoo mara mbili kwa kosa hilo. Ukishaifunga, mwombe fundi apime njia ya volti 12 kwa mita wakati mashine inafanya kazi nzito. Isomeke kati ya 11.4 na 12.6.

Jambo la mwisho ni waya wa ukutani. Mashine za mtumba kutoka Ulaya huja na plagi ya duara yenye pini mbili, na watu huilazimisha kuingia kwenye soketi zetu za matundu matatu kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu. Kompyuta huwaka, lakini inakuwa haina njia ya ardhi, na ndiyo maana ukigusa bati la kasha unahisi umeme ukikutekenya. Nunua waya wenye pini tatu na fyuzi ndani ya plagi, kisha hakikisha kwamba soketi yenyewe imeunganishwa na ardhi, kwa maana katika nyumba nyingi za kupanga tundu hilo la tatu halina waya wowote nyuma yake.